Mpangaji Aitwaye Loleza

Kiran alinipigia simu asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Iringa nachambua maharage. Hakuzunguka. Alisema, "Dada Tupoki, Baba ametutoka," na maharage yangu yakabaki kwenye ungo hadi jioni. Kesho yake nilipanda basi la Mbeya. Kwenye ukumbi wa jumuiya yao, ambako ndugu walikuwa wamefika kutoka Dar es Salaam na wengine kutoka ng'ambo, Kiran aliniomba niseme machache kwa niaba ya waliowahi kufanya kazi katika duka la baba yake. Nikasimama. Nikasema Bosi Ramnik alikuwa mtu wa haki, mtu wa saa, mtu wa kazi, nikasema tutamkumbuka, nikaketi. Yote yalikuwa kweli, na yote yangeweza kusemwa juu ya mwenye duka yeyote aliyewahi kufa pale mjini. Nilichotaka kusema hasa kingehitaji kwanza niwaeleze wazee wa watu, waliokuwa wameshachoka kukaa, programu huria ni kitu gani, na kwa nini mtu mzima mwenye jina lake la ubatizo aamue kufanya kazi kwa jina la mlima. Nimerudi Iringa na maneno hayo yamenikaa kooni. Acha niyaseme hapa.

Habari za kwetu Rungwe, nani alinizaa na nani alinisomesha, nitaziacha. Zinafanana na za wengi na hazikunisaidia chochote siku ile. Nilifika dukani kwa Bosi Ramnik nina miaka ishirini na miwili, stashahada ya kompyuta ndani ya bahasha ya kaki, viatu vimejaa tope. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, refu na la giza, lenye harufu ya rangi na mafuta ya taa. Misumari ilikaa kwenye mapipa, mabati yalisimama ukutani, na karibu na mlango kulikuwa na roli za mabomba ya plastiki na nyaya, kwa sababu wachimbaji dhahabu wa Chunya waliingia na vumbi lao wakitaka bomba la kuvutia maji, na walitaka kukatiwa hapo hapo waondoke. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Bosi hakuniuliza ninajua nini. Aliniuliza, "Wewe, unajua kunyamaza?" Nikasema najua. Baadaye vijana wa stoo walinieleza sababu: karani aliyenitangulia alihamia duka la upande wa pili wa barabara akiwa na bei zote kichwani, na tangu siku hiyo bosi alikuwa na amri moja aliyoirudia kila Jumatatu, kwamba mambo ya duka hayavuki kizingiti cha duka. Niliiona ni amri ya kawaida tu, wala sikuwaza kwamba ingekuja kunibana mimi.

Nilipewa chumba uani, ambacho zamani kilikuwa stoo ya rangi. Sakafu ilikuwa na madoa ya buluu na kijani ambayo hayakutoka hata nilipoyasugua kwa mafuta ya taa. Dirisha lilikuwa dogo, lakini lilitazama mlima Loleza moja kwa moja, na asubuhi za mwezi wa sita niliuona mlima ukitokea kidogo kidogo kwenye ukungu huku nimejifunika blanketi hadi puani. Mlango wa pili kutoka kwangu lilikuwa jiko la mama yake bosi. Watu wote walimwita Ba, ndivyo wanavyomwita mama kwao, na hata wapagazi waliokuja kushusha saruji walimwita Ba. Alikuwa mwembamba na mkali, na juu ya sari yake nyeupe ya ujane alivaa sweta la kiume kwa ajili ya baridi. Nyama haikuingia jikoni kwake. Wiki ya kwanza nilidhani nitakufa. Haukupita muda nikawa nausubiri kwa hamu wali wake uliopikwa pamoja na choroko, samli juu yake, na mchele lazima uwe wa Madibira. Ukimletea mwingine aliunusa tu na kukurudishia mfuko wako. Nilipotoka kwetu nilimletea ndizi za kupika, naye alizikaanga na binzari mpaka nikashindwa kuzitambua. "Kula kwanza," alikuwa akiniambia kila nilipoharakisha kurudi dukani. "Kompyuta hapana kimbia." Nimekula katika nyumba nyingi tangu wakati ule, na sidhani kama kuna aliyenilisha kwa moyo kama yule bibi.

Jikoni humo ndimo nilimosikia pia habari za majina. Siku moja, tukimenya viazi, nilimuuliza Ba marehemu mume wake aliitwa nani. Aliziba mdomo kwa upindo wa sari akacheka kama msichana. "Sisi hapana taja," akasema. "Mimi nakaa naye mpaka yeye nakufa, jina yake hata siku moja hapana taja." Nikamuuliza, sasa ulikuwa unamwitaje? "Namwita, unasikia? Yeye nasikia." Nikamsimulia kuhusu mke wa mjomba wangu kule Rungwe, ambaye jina la baba mkwe wake halikutoka kinywani mwake, na alipomwona mzee anakuja alikatiza kwenye migomba wasikutane uso kwa uso. Ba alifurahi sana kusikia kwamba na sisi tuna akili. Tulimaliza viazi vile tumekubaliana kwamba mtu anayeficha jina si lazima awe anaficha ubaya. Majina mengine yanafichwa kwa heshima, na mengine kwa amani ya nyumba. Wakati ule yalikuwa mazungumzo ya viazi tu. Lakini nayashukuru, kwa sababu nilipokuja kulihitaji wazo hilo lilikuwa limeshapikwa.

Sasa programu. Ile tuliyotumia dukani kuhesabia mali ilikuwa programu huria, maana yake maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu: anayeweza kuyasoma anasoma, anayeona kosa anarekebisha, kisha marekebisho yake anayarudisha kwenye mradi ili wote wayatumie. Haiuzwi. Inaishi kwa watu kurudisha. Kosa lake, kwa duka kama letu, lilikuwa moja kubwa: haikujua kukata. Alikotoka aliyeitunga, nadhani watu hununua roli nzima. Kwetu mteja anataka bomba la kufika kisimani kwake na si zaidi, na waya wa kutoka nguzo hii hadi ile. Roli ikishafunguliwa, programu iliihesabu kuwa imekwisha, au kinyume chake ikaiona bado nzima huku ukutani pamebaki kipande cha kufungia mbuzi. Kila mwisho wa mwezi hesabu ya kompyuta ilisema hivi na stoo ikasema vile, na bosi aliwatazama tu vijana wa stoo. Kutazama kule kulikuwa kubaya kuliko matusi. Mimi nilijua hawajaiba kitu. Basi Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa na bosi akiwa amelala kidogo baada ya chakula, niliomba ufunguo nikakaa na yale maandishi ya ndani, na Jumapili kwa Jumapili nikaifundisha programu kwamba kitu kinaweza kukatwa, kipande kikauzwa, na kilichobaki kikabaki. Hesabu zikakaa sawa. Bosi alitazama karatasi, akatazama stoo, akasema, "Hm." Vijana wale walininunulia soda.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini nilikuwa nimekula mali ya watu bila kurudisha, maana programu ile sikuitunga mimi, na kukaa na dawa ya ugonjwa wa wengi ndani ya kompyuta moja kulinikera. Nilitaka kuirudisha. Tatizo ni kwamba kila anayerudisha kitu anakirudisha kwa jina, na jina linabaki pale wazi. Mtu akilifuatilia anafika Mbeya, anafika dukani, na hapo kizingiti kimevukwa. Bosi asingenielewa. Kwake yeye ningekuwa nimempa jirani wa upande wa pili wa barabara kitu kilichotengenezwa dukani kwake, kwa kompyuta yake. Ningepoteza kazi, chumba, na wali wa Ba kwa siku moja. Basi niliukumbuka mlima wa dirishani kwangu, nikaandika: A. Loleza. Nikatuma. Nakumbuka raha niliyoipata, na sitaificha. Tupoki akirekebisha kitu, watu walikuwa wakimuuliza nani alimsaidia. Loleza hakuulizwa. Kazi yake ilisomwa mstari kwa mstari, ikakosolewa palipostahili, ikasifiwa palipostahili, na hakuna aliyetaka kujua kama ameolewa.

Mtu wa kwanza kunishukuru alikuwa wa huku huku. Mzee Kihwele alikuwa mtunza stoo wa duka la pembejeo Iringa mjini, akipimia wakulima mbolea kwa kilo kutoka kwenye mifuko, wengine wakitoka mbali kama Igowole, na ugonjwa wa kukata ulikuwa unamtesa kama sisi. Aliona marekebisho yangu akayajaribu, akaniandikia kupitia mradi: "Kamwene, Bwana Loleza. Jina lako ni la huku Nyanda za Juu, nimefurahi." Kuanzia hapo aliniuliza maswali kila wiki na kila swali nililijibu. Aliniita bwana, sikumsahihisha. Mimi nilimwita mzee kwa kubahatisha, nikapatia.

Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa Duarte. Huyu alikuwa Mreno mmoja aliyeusimamia mradi ule tangu ulipoanza, mpole, mwenye sentensi fupi. Alisema kazi ya Loleza ni nzuri na wanataka kuiingiza kwenye toleo lijalo, itumike popote. Ila kulikuwa na jambo. Zamani kidogo mtu mmoja aliwapa kazi ambayo kumbe ni ya mwajiri wake, mwajiri akaja juu, na mradi ulinusurika kufa. Tangu hapo walikuwa na kanuni: mtu anaweza kutumia jina lolote, lakini watu wawili wanaomjua kwa jina hilo wasimame waseme tunamjua, na mmoja wao awe wa pale anapofanyia kazi, aseme kazi hii ni yake na ana haki ya kuitoa. Wasipopatikana kabla ya toleo, kazi ya Loleza itaondolewa yote kwenye mradi. Nilisoma barua ile mara mbili. Kazi ikiondolewa, Mzee Kihwele na wengine kama yeye wangerudi kwenye hesabu za uongo, na mimi ningebaki na siri isiyomfaa mtu. Na wa kusimama upande wa kazini alikuwa mmoja tu duniani, naye ndiye niliyekuwa namkimbia.

Ningeweza kutunga watu wawili. Si kazi, unafungua anwani mbili, unaandika barua mbili, mchana mmoja umemaliza. Nilikaa nalo wazo hilo siku nzima na sikulipenda. Loleza halikuwa jina la uongo, kwa sababu ukiliita kuna mtu anaitika. Wale wawili wangekuwa uongo. Jumamosi nikaaga kwa Ba kwamba naenda Iringa kumwona ndugu, nikapanda basi, na Mzee Kihwele akanipokea stendi, yaani alisimama hatua chache kutoka kwangu akiwatazama wanaume wote wanaoshuka. Nilipomsalimia aliitikia haraka haraka huku bado anachungulia nyuma yangu. "Ndiye mimi, mzee," nikasema. "Loleza." Alinitazama juu hadi chini, akavua kofia, akacheka mpaka akashika nguzo. Nyumbani kwake Kihesa mkewe alinipikia ugali wa dona na majani ya maboga, akanipa togwa, na mzee, ambaye ni mzee wa kanisa la Kilutheri na hapendi janja janja, aliniuliza tukiwa mezani, "Sasa hapa nikuite nani?" Nikamwambia lile analolijua. Jioni hiyo hiyo alimwandikia Duarte kwamba yeye amemjua Loleza kwa kazi kabla ya kumjua kwa sura, na kwamba sura haikubadilisha kitu. Leo mzee ni mkongwe, tunakaa mtaa mmoja, na bado ananiita Loleza mbele ya watu, nao wanadhani ni jina la ukoo wa mume wangu.

Mmoja nimempata, amebaki wa kazini. Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo Duarte, nilipokuja kumsimulia, hakulielewa hata nilipomweleza mara mbili. Nilikwenda ofisi ya mtaa. Msinicheke. Kwetu ukitaka kufungua akaunti, ukitaka kumtoa ndugu polisi, ukitaka kuthibitisha kwamba wewe ni wewe na unakaa unapokaa, unakwenda mtaani, unapewa barua yenye muhuri, na dunia inakubali. Nilifikiri, muhuri ule utanitosha badala ya bosi. Nani Ureno atabishana na mwenyekiti wa mtaa? Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Sanga, mama wa Kikinga mwenye kalamu tatu kwenye nywele. Nilimkuta peke yake mezani, anakula kiazi cha kuchemsha.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Tupoki. Leo umetukumbuka?"

"Naomba barua ya utambulisho, mama. Si yangu, ya mwenzangu. Anaitwa A. Loleza."

Alikuwa amechomoa kalamu moja kichwani, ikasimama hewani. "Loleza ni mlima, mwanangu. Mimi nimezaliwa chini yake."

"Na jina pia, mama."

"Haya. Hiyo A ndiyo nani?"

Sikuwa nimewaza. "Asa," nikasema.

"Mwanamke au mwanaume?" Nikakohoa. Akaacha hilo. "Anakaa nyumba gani?"

"Kwa Bosi Ramnik. Uani."

"Tangu lini?"

"Tangu... miezi kadhaa."

Aliweka kiazi chini. "Miezi kadhaa mtu anakaa mtaani kwangu, sijaletewa taarifa, balozi wenu wa nyumba kumi kalala? Yuko wapi mwenyewe?"

"Amesafiri."

"Basi barua itangoja. Nitapita mwenyewe nimwone Ramnik."

Wakati huo ningesema ni mimi, mama, tungecheka yakaisha. Sikusema. Nilikuwa nimeshajikoroga, na kila neno jipya lingenikoroga zaidi. Niliondoka nikimwomba Mungu ampe Mama Sanga shughuli nyingi wiki ile, ikiwezekana harusi. Nilirudi dukani nikakaa kwenye kiti changu, na nilipoitwa kula nilimwambia Ba sina njaa. Alinigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akaenda zake.

Mama Sanga alikuja kesho yake asubuhi, balozi nyuma yake, duka likiwa limejaa. Wachimbaji wa Chunya walikuwa wamepanga mstari hadi nje, na bosi mwenyewe alikuwa ameshika msumeno anakata bomba, kwa sababu kijana mmoja alikuwa mgonjwa. Mama Sanga alipita mbele ya wote kama mwenye duka. "Bwana Ramnik, habari za asubuhi. Nimekuja kuhusu mpangaji wako, huyu anayeitwa Loleza."

"Nani?" bosi aliuliza.

"Loleza. Anakaa uani kwako miezi, hajaandikishwa. Karani wako huyu ndiye aliyekuja kumwombea barua. Sasa mimi nauliza, wewe unamjua huyo mtu?"

Mstari wote ulisikia, maana Mama Sanga hakuwa na sauti ndogo. Bosi aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kompyuta, masikio yanawaka. Hakuwahi kulisikia jina lile hata siku moja. Alikuwa mtu aliyeumizwa na karani, na mbele yake alikuwa na karani mwingine aliyekwenda ofisi ya serikali kwa siri kuhusu mtu asiyekuwepo nyumbani kwake. Angesema tu simjui, na asingekuwa amekosea kitu. Nimejiuliza miaka yote hii aliona nini usoni kwangu, na nadhani aliona hofu, basi. Aliweka msumeno chini, akafuta mikono kwa kitambaa polepole.

"Namjua," akasema. "Ni mtu wetu. Kutoandikishwa ni kosa langu mimi. Kama kuna neno lolote juu yake, niulize mimi."

Mama Sanga alimwangalia kidogo. "Basi, bwana. Ukisema wewe imetosha. Lakini akirudi safari aje nimwone."

"Atakuja."

Akaondoka, na bosi akachukua msumeno akaendelea kukata bomba la watu. Hakunitazama tena. Alihudumia mstari wote hadi wa mwisho, akafunga mlango wa mbele kama tulivyofunga kila siku saa ya chakula, akavuta kibao akakaa upande wa pili wa meza yangu. Ba alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na mwiko mkononi.

"Haya," bosi akasema. "Sasa niambie nimemdhamini nani."

"Mimi, bosi."

Alifikiri. "Basi sikusema uongo."

Nikamweleza yote, kuanzia kukata hadi Duarte hadi safari ya Iringa, na sauti ilinitoka kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Bei zangu zimo humo?" Hazimo. "Jina la duka?" Halimo. "Jina lako?" Halimo. "Kwa hiyo kazi umefanya wewe, sifa anachukua mlima." Nikaitikia kwa kichwa. "Na yule wa upande wa pili wa barabara, naye ataitumia?" Nikasema akitaka, ndiyo, bosi, atatumia, na siwezi kumzuia. Hapo alikaza uso. Nikajua ndiyo mwisho, nikaanza kuwaza nitaweka wapi vyombo vyangu. Ndipo Ba aliposema maneno kwa Kigujarati, si mengi, na bosi akainamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nilipomuuliza Ba baadaye alisema nini, alinijibu, "Mimi nasema chakula napoa."

Bosi akaniambia nifungue kompyuta. Kuchapa hakujua, alibonyeza herufi kwa kidole kimoja na kwa hasira, kwa hiyo alisema yeye atatamka na mimi niandike kwa Kiswahili kwanza, kugeuza Kiingereza nitageuza baadaye. Akasimama, mikono nyuma, akaanza kutembea kati ya mapipa ya misumari.

"Andika. Mimi ni mwenye duka Mbeya. Namjua Loleza, anafanya kazi kwangu. Kazi aliyowapa aliifanya hapa, kwa mashine yangu, na mimi sidai kitu. Ni yake, na yeye amewapa."

Nikaandika. Nilidhani amemaliza; hicho ndicho Duarte alichokitaka, na kilitosha kabisa. Nikainua mikono.

"Bado. Andika. Kabla ya huyu mtu hesabu yangu ilikuwa inapotea, na nikawashuku vijana wangu bure. Yeye ndiye amewatoa kwenye aibu. Umeandika?"

"Nimeandika, bosi."

"Andika. Ana akili kuliko karani yeyote niliyemwajiri. Hii usimwambie."

"Sitamwambia."

"Andika. Anafanya kazi Jumapili hakuna mtu anamwona. Mimi nilikuwa namwona. Nilikuwa nasikia mashine, sikuwa nimelala." Alifika mwisho wa duka akageuka. Mwaka mzima hakuwahi kuniambia hata kazi nzuri. Hm yake ndiyo ilikuwa zawadi. Sasa alikuwa anasema yote, kwa sauti, kwa mtu wa tatu, akiyatazama mabati, na mimi nilikuwa nachapa bila kuona herufi. "Andika. Mama yangu anamtilia samli, na mama yangu hamtilii mtu samli. Andika. Ni mtoto wa nyumba hii. Weka nukta. Soma."

Nikasoma. Nilipofika mwisho alitikisa kichwa.

"Umeruka ya mwisho."

"Hiyo haihusu programu, bosi," nikasema. "Mreno yule hataielewa."

"Iweke," akasema. "Simwandikii yeye peke yake."

Nikaiweka.